Bagamoyo ya wapagazi



Mwisho wa wiki barabara ya Bagamoyo hujaa magari. Tunatoka Dar es Salaam, tunapita Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege na Zinga, na baada ya kilomita kama 70 hivi tumefika. Wengi wetu tunafuata samaki na upepo wa bahari, na sina ugomvi na samaki, nami nilikula. Lakini leo nataka kuzungumza na wale wanaosimama walau nusu saa kuyatazama majengo ya kale. Naona ndugu zetu hawa wanaondoka na nusu ya habari.

Tuanzie misheni ya Wakatoliki, iliyofunguliwa mwaka 1868 na Mapadri wa Roho Mtakatifu. Uwanjani kuna mbuyu mkubwa, na katika shina lake kimetokeza kipande cha mnyororo. Nilipokuwa pale lilifika kundi la vijana. Mmoja akauonyesha mnyororo, akasema kwa sauti ya uhakika kabisa, "Hapa ndipo walipofungwa watumwa." Wenzake wakatikisa kichwa, wakapiga picha, wakaondoka wamenuna. Lakini habari inayosimuliwa pale misheni ni kwamba mnyororo ule ulikuwa wa punda! Mama mmoja wa Kizungu, Madame Chevalier, aliyehudumia wagonjwa, alimfunga punda wake hapo. Mti ukanenepa, ukaumeza mnyororo.

Sisemi kwamba utumwa haukuwepo Bagamoyo. Ulikuwepo, na misheni hiyo hiyo ilikuwa na kijiji cha watumwa waliokombolewa. Ninalosema ni kwamba bandari kubwa ya kusafirishia watumwa katika mwambao wetu ilikuwa Kilwa. Kilichoikuza Bagamoyo katika karne ya 19 ni pembe za ndovu, na pembe hazitembei. Zilibebwa mabegani kutoka Tabora, Ujiji na mbali zaidi, miezi mitatu au zaidi njiani. Walikuwemo watumwa kati ya wabebaji hao, lakini wengi walikuwa watu huru, hasa Wanyamwezi, waliokubaliana ujira wao, wakalipwa kwa merikani na bidhaa nyingine, na waliojua kugoma na kutua mizigo chini tajiri alipowapunja. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu. Na juu yake malazi na chungu.

Jina lenyewe la mji wanalieleza kwa namna mbili. Wako wanaosema ni kilio cha mtumwa: bwaga moyo hapa, kwenu hurudi tena. Wako wanaosema ni pumzi ya mpagazi aliyeiona bahari: bwaga moyo, safari imekwisha. Wageni husimuliwa zaidi ile ya kwanza, kwa kuwa inatoa machozi. Mimi naegemea ya pili. Mji ule ulijaa wapagazi waliokuwa wakipumzika, wakicheza ngoma, wakisubiri msafara wa kurudi bara. Jengo la Karavanserai, lililomo mjini, linatukumbusha misafara hiyo, na wengi wetu tunalipita bila kugeuza shingo.

Sasa rudi misheni, utazame mnara wa kanisa la zamani. Watu huuita Mnara wa Livingstone. Ukisikia jina hilo utadhani Livingstone alihubiri pale, au aliujenga. Alifika akiwa maiti, tarehe 24 Februari 1874, akalazwa hapo usiku mmoja, kisha meli ya Kiingereza ikamchukua kwenda Zanzibar.

Alifikaje? Alikufa mapema Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake walikutana wakaamua wenyewe, bila Mzungu yeyote wa kuwaamuru, kwamba watamrudisha kwao. Moyo wakauzika pale chini ya mti. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani wiki mbili, wakauvingirisha kwa nguo na gamba la mti, wakaanza safari. Karibu na Tabora walikutana na Luteni Cameron, naye akawashauri wauzike huko huko. Wakakataa. Mbele kidogo wenyeji hawakutaka maiti ipite kwao. Wakatengeneza mzigo wa uongo, wakaurudisha nyuma kama wanaokwenda kuzika, na maiti halisi wakaifunga mfano wa robota la nguo. Hivyo ndivyo alivyofika Bagamoyo, baada ya zaidi ya miezi tisa na zaidi ya kilomita 1,500.

Waliokuwa mbele ni Abdallah Susi, aliyeajiriwa Shupanga kwenye mto Zambezi, na James Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani angali mtoto. Alikuwemo Halima, mpishi. Alikuwemo Jacob Wainwright, na ndiye pekee kati yao aliyefika Westminster Abbey siku ya maziko, tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma waliitwa Uingereza baadaye, kaburi limeshafungwa. Chuma alifariki Zanzibar mwaka 1882, Susi huko huko mwaka 1891. Mwenzao Matthew Wellington aliishi hadi mwaka 1935, akafia Mombasa. Watu hawa wanatuhusu kuliko yule waliyembeba, na mnara umepewa jina la mzigo!

Mwenye nafasi aende pia Kaole, kilomita chache kusini mwa mji, kwenye msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo, akaone kwamba pwani hii ilikuwa na watu wake kabla ya pembe na kabla ya misheni. Mwenye gari na siku mbili avuke Wami hadi hifadhi ya Saadani, ambako wanyama hushuka mpaka mchanga wa bahari. Saadani ndipo kwa Bwana Heri, aliyepigana na Wajerumani pamoja na Abushiri. Hiyo tutaizungumza siku nyingine.

Kwa leo ninalo ombi dogo tu. Ukisimama chini ya mnara ule, mwombe anayekutembeza akutajie watatu kati ya waliobeba. Asipowajua, mtajie wewe: Susi, Chuma, Halima.