Dari si ghala tena

Mazungumzo na wajumbe wa kamati za ujenzi, Igamba, wilaya ya Mbozi



Nimeombwa nizungumzie moto. Tukisikia neno hilo, wengi tunawaza mshumaa na koroboi, na si bure. Bweni la Shauritanga kule Rombo lilipoungua mwaka 1994, wasichana zaidi ya 40 walifariki. Idodi, Iringa, mwaka 2009 walifariki 12. Kote huko mshumaa ulitajwa. Kwa hiyo umeme wa REA ulipofika vijijini tulishusha pumzi. Taa haina ulimi wa moto, tukadhani hatari imekwisha. Haikwisha, imehamia darini, mahali ambapo hatuioni.

Nyumba mpya nyingi sasa zina silingi bodi, na mwenye nyumba hupenda zile taa za kuzama. Fundi hutoboa tundu la duara, taa inaingia, chini kinaonekana kioo kidogo tu. Mwili wake wote uko juu, na joto lake liko juu. Balbu ya halojeni ya wati 50 hugeuza sehemu kubwa sana ya umeme wake kuwa joto. Kioo chake cha ndani hupita nyuzi 250 za Selsiasi, na aina nyingine zimeundwa makusudi zisukume joto nyuma, yaani darini. Hewa ikizunguka vizuri, hakuna neno.

Lakini tazameni tunavyoishi. Juni na Julai baridi ya Mbozi inauma, mtu anatandaza maranda, magunia au godoro kuukuu juu ya dari. Na huo ndio wakati wa mavuno: mahindi yapo, kahawa ya maganda ipo. Kwa wazee wetu kuweka nafaka juu kulikuwa na maana, maana moshi wa jiko ulifukuza wadudu. Sasa gunia linalala juu ya taa. Joto halina pa kwenda. Ganda la waya linakauka na kupasuka, mbao inageuka makaa polepole, siku baada ya siku.

Wala msitegemee sakiti breka. Breka hupima umeme unaopita, haipimi joto. Taa ya wati 50 iliyofunikwa hutumia wati zile zile 50, hivyo breka haioni kosa lolote mpaka waya zigusane.

Huko Marekani kanuni zinataka taa ya kuzama iachiwe nafasi ya insi 3 kutoka kwenye vitu vya kuzuia baridi, wala isifunikwe juu. Zinazoweza kufunikwa huandikwa herufi IC. Mkienda kununua Tunduma, tafuteni herufi hizo. Msipoziona, hesabuni kwamba taa hiyo haifunikwi. Mimi ningewashauri mhamie LED za wati 5 hadi 7, ambazo hupoa zaidi. Hata hizo zina kiboksi cha umeme kinachohitaji hewa.

Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza anayejenga nyumba mpya aweke ukingo juu, asije akawa na hatia mtu akianguka. Anayeweka taa ana wajibu ule ule kwa wanaolala chini yake.

Kwa hiyo zimeni mein swichi, pandeni darini mchana, ondoeni magunia. Angalieni waya zilizotafunwa na panya. Doa la kahawia kuzunguka taa, harufu ya plastiki, au taa inayojizima na kujiwasha yenyewe, hizo ni dalili. Mwiteni fundi mwenye leseni ya EWURA, si kijana wa jirani anayejua kuunga waya. Moto ukishika, tokeni na watoto kwanza, msimwage maji kwenye umeme, pigeni 114. Ila barabara yetu mnaijua.

Baada ya chai tutapanda darini katika nyumba ya mchungaji, yeye mwenyewe ameridhia. Vijana wawili walete ngazi na tochi.