KUJITENGENEZEA KALIBU ZA BISKUTI NYUMBANI



Mama apikaye biskuti ili aziuze pale Feri, kwa watu wangojao kivuko cha Likoni, mara nyingi hukata unga wake kwa mdomo wa gilasi. Biskuti zake huwa duara, na za jirani yake duara vilevile. Mnunuzi atamtambuaje kesho? Umbo lake mwenyewe, liwe samaki, jahazi au mwezi wa Idi, litakuwa alama yake. Na kalibu ya umbo hilo yaweza kutengenezwa nyumbani kwa kopo tupu.

Jambo la kwanza ni kuchagua kopo. Twaa kopo la chakula ambalo nje lina karatasi tu, wala si rangi. Usitumie kabisa kopo la rangi, la mafuta ya taa, la dawa ya wadudu, wala bati usilojua lilikotoka. Usiunge kwa risasi. Sisi wa Mombasa hatuna udhuru wa kutojua madhara ya risasi: mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi wa Owino Uhuru walipwe fidia kwa sababu ya sumu ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu. Watoto ndio waumiao zaidi, na watoto ndio walao biskuti.

Sasa kazi yenyewe. Vaa glavu nene, kwa maana bati hukata kama wembe. Kopo lenye upana wa sentimita 10 litakupa ukanda wa urefu wa sentimita 31 hivi. Ukate kwa mkasi wa bati, upana wake sentimita 3. Kunja ukingo mmoja nusu sentimita na uugonge taratibu ulale. Huo ni upande wa kushikwa na mkono. Lakini ncha mbili za ukanda usizikunje ukingo, ziache wazi sentimita moja. Upande wa pili, ule wa kukatia, usugue kwa tupa ili usiwe na meno.

Chora umbo katika karatasi. Anza kupinda katikati ya ukanda, kwa koleo penye kona na kwa chupa penye mviringo, ukilinganisha na mchoro kila mara. Mwishowe geuza ncha mbili ziwe kama kulabu, zipachane, kisha uzibane kwa koleo.

Tahadhari moja ya umbo. Mlingoti mwembamba wa jahazi huungua kabla tanga halijaiva, na pembe kali za mwezi vivyo hivyo. Kwa hiyo pasiwe na mahali pembamba kuliko sentimita moja na nusu. Mwezi na uwe na pembe butu.

Wakati wa kukata, chovya kalibu katika unga mkavu, ikandamize wima, wala usiizungushe. Ukimaliza ioshe kwa maji ya moto na sabuni, uikaushe papo hapo, kwa kuwa hewa yetu ya chumvi huleta kutu upesi. Ikishika kutu itupe, utengeneze nyingine. Kopo halina bei.

Basi, wanunuzi wa Feri wakianza kuuliza, "Yuko wapi yule wa samaki?", mjue kwamba kazi ya mikono yenu imelipa.