Imla Huanzia Jikoni
(Mada kwa wazazi na walimu wa darasa la kwanza na la pili)



Nianze na jambo lililotokea darasani kwangu. Nilisoma imla, nikataja neno "kiti". Binti mmoja mwepesi wa kushika mambo akaandika "kete". Nikarudia taratibu, akaandika "kete" vilevile. Nilipoketi naye nikagundua kwamba nyumbani amezoea kuimba herufi kwa Kiingereza, ambako e huitwa "ii". Alisikia "ii", akaandika herufi yenye jina hilo. Masikio yake yalikuwa salama kabisa. Nyimbo hizo si kosa, ila mtoto aambiwe waziwazi kwamba hayo ni majina ya Kiingereza, na kwamba kwa Kiswahili kila herufi ina sauti yake.

Lugha yetu ina herufi 24 na irabu 5, na huandikwa karibu kama inavyotamkwa. Kwa hiyo kosa la daftarini mara nyingi limeanzia mdomoni. Anayetamka "mutoto" ataandika "mutoto", hasa kama lugha ya nyumbani ina "mu" mahali ambapo Kiswahili kimebakiza "m" peke yake. Anayechanganya l na r ataandika "kura" akikusudia "kula", na "mahari" akikusudia "mahali". Si uzembe. Kisukuma kina l bila r, na Kikuyu kina r bila l. Mtoto anaandika kwa sikio alilolelewa nalo. Kumchapa au kumcheka hakumpi sikio jipya. Akisema, "Mama, nataka kura," mwitikie tu, "Haya mwanangu, njoo tule," ukiikaza l kidogo. Akilisikia neno hilo hivyo kila siku, litamkaa.

Wazazi wengi huniuliza kama wamwandikishe mtoto neno moja mara 20. Kwa maoni yangu hapana. Kufikia mara ya tano mkono unaandika peke yake, akili imekwenda kucheza. Afadhali apige makofi kwa silabi: m-ka-te, makofi matatu, ng'o-mbe, mawili. Kisha aandike, hata kama ni kwa kijiti mchangani. Kata maboksi, andika silabi, apange maneno. Imla ya nyumbani iwe maneno 5, dakika 10, na mwishoni mtoto mwenyewe alinganishe alichoandika na neno sahihi. Kosa alilolikamata mwenyewe halirudi upesi.

Sasa msamiati, na hapa ndipo nyumba inapoizidi shule. Darasani nina picha ukutani. Ninyi mna vitu vyenyewe. Watoto wengi wanaokuja kwetu wana "kukata", "kutoa" na "kufanya", basi. Lakini jikoni viazi humenywa, nazi hukunwa, mchele huchambuliwa na kupepetwa, unga huchekechwa, mahindi hupukuchuliwa, korosho hubanguliwa. Kila kazi ina neno lake, na mtoto aliyeshika ungo mkononi hasahau kupepeta. Mtajieni kifumbu, mchi, kipekecho. Mwambieni kwamba mbuzi yupo zizini na mbuzi ipo jikoni, muone macho yatakavyomtoka! Ndiyo maana nasikitika ninapoona mtoto anafukuzwa jikoni "akasome". Pale pale alikuwa anasoma.

Neno likishazoeleka, lizalisheni. Kutoka "lima" mtoto apate mkulima, kilimo, limia, limisha. Ataona kwamba l haibadiliki katika yote, na hapo msamiati na tahajia vinafundishana. Vitendawili vya jioni navyo visiachwe, kwa kuwa humlazimisha mtoto kutafuta jina la kitu kwa kufikiri sifa zake.

Mzazi asiyejua kusoma asijione hana nafasi katika kazi hii. Kutamka vizuri, kutaja vitu kwa majina yake na kutega vitendawili havihitaji kalamu, na bibi wa kijijini huenda ana maneno mengi kuliko mimi mwalimu.

Ombi langu kwenu ni la leo jioni. Kabla ya kuinjika chungu, mwite mtoto, mpe ungo, mtajie kazi inayofanyika. Baada ya chakula, muombe aandike maneno matatu kati ya aliyoyasikia, na kesho aje nayo shuleni.