Kombe wa Salenda na Maji ya Kariakoo

Mada kwa semina ya wafanyabiashara wa vyakula na maofisa afya wa masoko



Nimeombwa nizungumzie viumbe wa pwani wanaoliwa jijini Dar es Salaam. Badala ya kuwagusa wote juu juu, nimemchagua mmoja: kombe, yule mwenye magamba mawili manene yenye mistari, ambaye kitaalamu huitwa Anadara antiquata. Hoja yangu ni kwamba kombe anayechokolewa kwenye matope ya Salenda hubeba mwilini kile tulichokimwaga mitaroni huku Kariakoo. Usalama wa anayemla hauwezi kuachiwa mama anayemchokoa wala kijana anayemchemsha peke yao.

Tuanze na njia ya maji. Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti penye machinjio, unashuka Kigogo hadi bonde la Jangwani, kisha unaingia baharini kwenye mikoko ya Salenda. Kariakoo imekaa juu ya bonde hilo. Mvua ikipiga, sehemu ya maji ya mitaa yetu huteremka Jangwani, na mengine hupitia Gerezani kuelekea bandarini. Humo mna maji ya kuoshea samaki na kuku, maganda, majitaka ya vyoo vilivyofurika, na oili chafu kutoka upande wa mafundi magari. Tena, majitaka ya katikati ya jiji yana bomba lake la kuyapeleka baharini upande wa Ocean Road, ambayo siku hizi ni Barabara ya Barack Obama. Tunaoikumbuka Desemba 2011, Jangwani ilipogeuka ziwa na watu wakafa, tunajua maji hayo yana nguvu gani.

Sasa tumtazame kombe mwenyewe. Ukimshika kabla hajaoshwa utaona gamba limevaa ngozi ya kahawia yenye manyoya. Ikisuguliwa, chini yake hutokea gamba jeupe lenye mistari iliyoinuka, takriban arobaini, inayoanzia mgongoni na kutawanyika hadi ukingoni. Pale magamba mawili yanapoungana pamenyooka, na pana vijino vidogo vingi vilivyojipanga kama meno ya kitana. Mpasue, na damu yake nyekundu itakuchuruzikia mkononi. Jambo hilo si la kawaida kwa jamii yake. Chaza wengi damu yao haina rangi, lakini kombe ana hemoglobini, ileile inayobeba oksijeni mwilini mwetu. Ndiyo inayomwezesha kuishi kwenye tope lenye oksijeni kidogo, mahali ambapo wengine wangekosa pumzi.

Hana mirija mirefu ya kuvutia maji, kwa hiyo hawezi kujizika chini sana. Hukaa karibu na uso wa mchanga au kwenye majani ya bahari, ukingo wa gamba ukichungulia, na ndiyo maana maji yakipwa wakati wa bamvua macho yaliyozoea humwona upesi. Maji yakijaa, hufungua magamba kidogo na kuanza kazi. Vinyweleo vya mashavu yake husukuma maji ndani, ute hunasa chembe, chembe hupelekwa kinywani, na maji yaliyochujwa hutoka. Hachagui maji ya kuvuta. Akiletewa chembe za mwani hula mwani, na akiletewa kinyesi cha binadamu, bakteria na virusi vyake hunasa humo humo.

Uzazi wake nao unategemea maji. Dume na jike hawakutani. Dume huachia mbegu baharini, na jike huachia mayai. Vichanga huelea kabla ya kushuka chini na kujishikiza kwa nyuzi nyembamba kwenye majani au vipande vya magamba. Mwaka 2005 jarida la sayansi za bahari la Magharibi mwa Bahari ya Hindi lilichapisha utafiti wa Semvua Mzighani juu ya uzazi na ukubwa wa kombe katika ufukwe wa mchanga na matope karibu na Dar es Salaam. Nautaja kwa sababu mnyama huyu si mgeni kwa wanasayansi wetu. Elimu ipo, haijafika sokoni tu.

Hatari yenyewe ni ya namna mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni vijidudu. Mwaka 1988, jijini Shanghai, watu karibu 300,000 waliugua homa ya ini aina ya A baada ya kula ndugu wa karibu wa kombe wetu, waliovuliwa kwenye maji yenye majitaka na kuchovywa kidogo tu katika maji ya moto. Wauzaji, naomba mnisikilize hapa: kombe kufunguka chunguni si dalili kwamba ameiva. Hufunguka mapema, wakati nyama ya ndani bado haijapata moto wa kuua virusi hivyo. Nyama yenyewe inatakiwa ifike nyuzi 90 na ikae hapo dakika moja na nusu. Mwache achemke sawasawa baada ya kufunguka. Na yule aliyekutwa yuko wazi kabla ya kuinjikwa, ukamgusa asijifunge, mtupe.

Ya pili ni metali nzito kama risasi na kadimiamu. Tafiti za matope ya pwani yetu zimezikuta kwenye mdomo wa Msimbazi. Moto hauziondoi, ndimu haiziondoi, wala kumlaza kombe usiku kucha kwenye ndoo ya maji ya bahari. Dawa yake ni moja, zisifike kule. Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka akina mama wafukuzwe Salenda na mambo yaishe. Mama yule anatafuta kitoweo na nauli. Ukimfukuza yeye, oili chafu itaendelea kushuka, na kombe ataletwa mezani na mtu mwingine usiyemjua alikomchokoa.

Katika Ghuba ya Menai, Unguja, wanawake wa upande wa Fumba waliketi wakakubaliana kuyafunga baadhi ya maeneo ya ufukwe ili kombe wazaliane. Walioweka mpaka ni wachokoaji wenyewe, na hilo linanipa imani kwamba wa kwetu wanaweza kushirikishwa.

Zaidi ya ushirikishwaji tunahitaji vipimo, na hapo tukumbuke sangara. Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa hofu ya kipindupindu na kisha ya sumu, nchi ilijipanga, na maabara ya samaki ya Nyegezi, Mwanza, ikawa nguzo ya biashara hiyo. Huko Ulaya kombe wa kuliwa bila kusafishwa hatakiwi kuzidi bakteria 230 wa E. koli katika gramu 100 za nyama. Mlaji wa Kariakoo anayesimama jioni kwenye meza ya pweza, akaongezewa nyama ya kombe kwenye bakuli, anastahili kipimo kilekile.

Napendekeza halmashauri ya jiji, pamoja na taasisi ya utafiti wa uvuvi (TAFIRI) na shirika la viwango (TBS), zichukue kombe kutoka Salenda, Kigamboni na Kunduchi mara mbili kwa mwaka: wakati wa kiangazi, na tena mara masika yanapoisha. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo itakayotuonyesha mitaro imeshusha nini. Majibu yabandikwe kwenye soko la samaki la Feri na hapa Kariakoo kwa Kiswahili, yakitaja ufukwe upi unafaa na upi haufai mpaka lini. Gharama ya kuanzia itoke kwenye ushuru wa usafi tunaolipa sokoni, na gereji zipewe mapipa ya kukusanyia oili chafu kabla ya mvua za vuli.