Msichana Aliyesikia Opera Kwenye Tangazo la Televisheni

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa wanafunzi wa Gredi ya 9 na ya 10, wazazi wao na walimu wa muziki)



Mazungumzo ya leo yanamhusu mwanafunzi mmoja na wimbo mmoja. Mwanafunzi huyo si Mkenya. Ni Pretty Yende, aliyezaliwa mwaka wa 1985 na kukulia katika mtaa wa Thandukukhanya, nje ya mji mdogo wa Piet Retief, mkoani Mpumalanga, Afrika Kusini. Mji huo siku hizi unaitwa eMkhondo. Ni sehemu ya misitu ya kupandwa na viwanda vya mbao. Mtu akitaka kuuona kwa macho ya hapa kwetu, na afikirie mji wowote wa Kenya unaoishi kwa msitu, ambako lori la magogo hupita alfajiri na jumba kubwa la kuimbia ni kanisa.

Nyumbani kwa kina Yende watu waliimba. Familia ilikuwa ya kwenda kanisani na nyimbo za kwanza alizozijua zilitoka huko, kama ilivyo kwa wengi wenu. Hakukuwa na mtu aliyemwambia kwamba kuimba ni kazi. Yeye mwenyewe alikuwa akifikiria kuwa mhasibu, kazi ambayo mzazi yeyote angeitikia kwa furaha.

Siku moja, akiwa na umri wa miaka 16, alikuwa nyumbani na televisheni inawaka. Likaja tangazo la shirika la ndege la British Airways. Tangazo lenyewe halikudumu, matangazo hayadumu, lakini nyuma ya picha zake kulikuwa na sauti mbili za wanawake zinazopanda pamoja. Msichana akasimama. Hakujua lugha iliyokuwa ikiimbwa wala jina la wimbo. Amesimulia mara nyingi tangu wakati huo kwamba hakuwa na hakika hata kama binadamu anaweza kutoa sauti ya namna ile.

Kesho yake shuleni alikwenda kwa mwalimu akamuuliza: kile ni kitu gani? Mwalimu akamjibu kwamba kinaitwa opera. Akauliza tena kama ni kitu ambacho mtu wa kawaida anaweza kukifanya. Akaambiwa inawezekana, kwa mwenye kipaji na bidii. Basi, akasema, nifundishwe.

Wimbo wenyewe unastahili maelezo kidogo, kwa sababu huenda hata humu ukumbini wapo waliousikia bila kujua wameusikia. Ni wimbo wa watu wawili kutoka katika opera iitwayo Lakmé, kazi ya Mfaransa Léo Delibes, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mjini Paris mwaka wa 1883. Hadithi yake imewekwa India wakati wa utawala wa Waingereza. Lakmé ni binti wa kuhani, na katika wimbo huo yeye na mtumishi wake Mallika wanashuka mtoni kuchuma maua. Hakuna jambo kubwa linalotendeka. Wanawake wawili wanakwenda mtoni, asumini zimetanda juu yao, wanaimba. Watu wa Lamu na Mombasa, wanaojua asumini na harufu yake jioni, hawangehitaji kueleweshwa sana. Sauti ya juu ni soprano, ya pili ni mezo, na ule utamu unatokana na jinsi zinavyokwenda sambamba, moja ikiegemea nyingine, bila yoyote kushindana.

Hapa wengine watauliza: inawezekanaje mtu aguswe na wimbo ambao haelewi hata neno lake moja? Swali hilo lina jibu katika kila matatu na kila baa ya nchi hii. Wapo wazee ambao wamesikiliza rumba ya Kongo tangu miaka ya sabini, wanajua mahali gitaa litakapoingia na mahali mwimbaji atakapovuta pumzi, na hawajawahi kujua Kilingala. Wapo watu wa bara wanaocheza taarabu kwenye arusi za Pwani huku mafumbo yote yakiwapita juu ya kichwa. Maneno huja baadaye. Na yakija, mara nyingine wimbo unakua, mara nyingine, tuseme ukweli, unapungua.

Opera kwa ufupi ni mchezo wa kuigiza ambao wahusika wake huimba badala ya kusema, wakisindikizwa na okestra. Ilianzia Italia takriban mwaka wa 1600, na Orfeo ya Claudio Monteverdi, iliyoonyeshwa mjini Mantua mwaka wa 1607, bado inaimbwa hadi leo. Wengi wetu tunaijua kwa dhihaka tu: mtu mnene anayepiga kelele. Dhihaka hiyo inaficha jambo la kustaajabisha kuliko yote katika sanaa hii, nalo ni kwamba mwimbaji wa opera kwa kawaida hatumii kipaza sauti. Mbele yake kuna okestra ya watu sitini, sabini au zaidi, yenye tarumbeta, ngoma na safu nzima za fidla. Jumba la Metropolitan Opera mjini New York lina viti karibu 3,800. Mtu wa kiti cha mwisho analazimika kumsikia kwa koo lake tu.

Anafanyaje? Hapa wanafunzi wanaopenda fizikia wasikilize. Nguvu kubwa ya sauti ya okestra iko chini, karibu na mitetemo 500 kwa sekunde, kisha inapungua kadiri mitetemo inavyoongezeka. Mtafiti wa Uswidi, Johan Sundberg, alieleza katika miaka ya 1970 kwamba waimbaji waliofunzwa, hasa wanaume na wenye sauti nzito, hupanga koo lao kwa namna inayokusanya nguvu ya sauti karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde. Huko okestra ni dhaifu na sikio la binadamu ni kali. Kwa hiyo sauti hupenya pasipo kupigana. Soprano akiwa juu sana hutumia njia nyingine: hufungua mdomo na kurekebisha umbo la koo ili mwangwi wa ndani uifuate noti anayoimba. Ndiyo maana soprano akiwa juu maneno yake hayasikiki vizuri. Irabu zimetolewa sadaka kwa ajili ya sauti. Yote hayo hujifunzwa kwa miaka, siku baada ya siku, na mtu akilazimisha koo anaweza kujiumiza.

Yende alianza pale anapoanza kila mtu, yaani kwenye kwaya. Afrika Kusini, kama Kenya, ina utamaduni mkubwa wa kwaya za shule, za makanisa na za mashindano, na wengi husoma muziki kwa do, re, mi badala ya noti za mistari mitano. Katika mashindano yao nyimbo za Händel, Mozart na Verdi huimbwa pamoja na nyimbo za Kizulu na Kixhosa, na hakuna anayeshangaa. Kupitia mashindano alipata njia ya kwenda Chuo Kikuu cha Cape Town, akafundishwa katika chuo cha muziki cha huko na mwalimu Virginia Davids, mwimbaji wa soprano. Mwaka wa 2009 alikwenda Vienna kwenye mashindano ya Belvedere na kushinda nafasi ya kwanza katika kila kitengo, jambo ambalo halikuwa limetokea kabla yake. Akaendelea na mafunzo katika chuo cha jumba la La Scala, Milano. Mwaka wa 2011 alishinda mashindano ya Operalia yaliyofanyika Moscow. Kutoka tangazo la televisheni hadi hapo ni takriban miaka kumi.

Miaka kumi si mchezo. Mzazi aliye humu anapiga hesabu ya karo, na ana haki ya kuipiga. Tangu Januari 2026 wanafunzi wa Gredi ya 10 wanafuata mojawapo ya njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, na sanaa pamoja na michezo. Fomu inapofika nyumbani, hiyo njia ya tatu ndiyo inayoleta ugomvi mezani. "Muziki utakulisha?" Swali hilo linaulizwa kwa mapenzi, wala si la kuchekwa. Wapo waimbaji wengi wazuri wasiofika Vienna wala Milano, na anayemwambia mtoto kwamba kipaji peke yake kinatosha anamdanganya. Lakini liko swali jingine ambalo halina budi kuulizwa pamoja na hilo: mtoto huyu amekwisha kusikia nini? Hawezi kuchagua kitu ambacho hajawahi kukisikia, wala hawezi kukikataa.

Kenya si kame katika jambo hili. Tamasha la Muziki la Kenya lina historia inayorudi hadi mwaka wa 1927, na kila mwaka linashusha basi baada ya basi la watoto wenye sare zilizopigwa pasi, kuanzia ngazi za chini hadi taifa. Nyimbo za solo na za watu wawili za mtindo wa Kizungu zimo katika orodha ya mashindano, sambamba na nyimbo za kiasili. Kwa maneno mengine, mwanafunzi wa kaunti yoyote anaweza kusimama mbele ya waamuzi akaimba kitu cha jamii moja na kile alichokisikia Yende, siku ileile. Mtaani Korogocho, Nairobi, watoto wa mradi wa Ghetto Classics wanapiga fidla na tarumbeta. Tena opera imekwisha kutungwa hapa: Ondieki the Fisherman ya Francis Chandler, iliyojengwa juu ya hadithi ya Kijaluo, imeimbwa Nairobi na waimbaji Wakenya.

Kwa upande wa serikali za kaunti, wakazi wengi hawajui kwamba Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziachia kaunti shughuli za utamaduni na burudani za umma, zikiwemo maktaba, makumbusho na kumbi za sinema. Shule za upili ziko chini ya serikali ya kitaifa. Lakini ukumbi wa kijamii ambao mara nyingi hufunguliwa kwa mikutano ya bajeti tu, na maktaba inayofungwa saa kumi na moja, hivyo viko mikononi mwa kaunti, na mwananchi ana haki ya kuviulizia katika vikao vya ushirikishwaji wa umma. Barabara huulizwa kila mwaka. Maji huulizwa. Piano haijaulizwa, na pengine ni kwa sababu hakuna aliyedhani inaruhusiwa.

Turudi kwa Yende, maana hadithi yake ina kisa ambacho wanafunzi watakipenda kuliko tuzo zote. Januari 2013 jumba la Metropolitan lilimwita kwa taarifa fupi achukue nafasi ya mwimbaji aliyekuwa mgonjwa. Opera yenyewe ilikuwa Le Comte Ory ya Rossini, na alikuwa hajawahi kuiimba sehemu hiyo. Akajifunza kwa siku chache. Usiku wa tarehe 17, akiwa na miaka 27, alitokea jukwaani kwa mara ya kwanza katika jumba hilo, akiwa amevaa gauni refu la mhusika wake. Akajikwaa kwenye ngazi. Akaanguka chini, mbele ya ukumbi mzima, kabla hata hajamaliza kuingia.

Yeyote aliyewahi kusahau ubeti wa pili kwenye tamasha la shule anajua kilichompitia kifuani. Akainuka, akaimba, na mwisho wa usiku ule watu walimshangilia kwa muda mrefu. Miaka kumi baadaye, tarehe 6 Mei 2023, aliimba peke yake katika Kanisa la Westminster, London, kwenye kutawazwa kwa Mfalme Charles III, akiwa na gauni la manjano lililoonekana dunia nzima.

Walimu wa muziki mliopo: katika hadithi hii yote mwalimu wa shule anatokea mara moja tu, asubuhi, labda kengele ikikaribia kulia, akiulizwa swali na msichana aliyekuwa hata hajui jina la kitu anachokiuliza. Hakumwambia arudi darasani. Alijua jina lake, akalitaja.

Sasa taa zitapunguzwa kidogo, na wimbo wa Delibes utachezwa, dakika nne hivi. Maneno ni ya Kifaransa na hayatatafsiriwa. Baada yake kwaya za shule mbili zitaimba nyimbo zao wenyewe, na mwenye swali atauliza.