Kubeba Kamera na Stendi Yake



Leo tunazungumza juu ya kazi ya kupiga picha. Siku hizi kazi hii imefika vijijini. Arusi, ubatizo, maulidi, mkutano wa ushirika, watoto kumaliza darasa la saba, kote huko watu wanataka picha. Wapo vijana na akina mama waliochanga fedha wakanunua kamera moja kwa kikundi kizima. Simu nazo zinapiga picha, ndiyo. Lakini mtu akitaka picha kubwa ya kutundika ukutani, au filamu ya arusi yote, bado humwita mwenye kamera.

Kamera hiyo ina stendi ya miguu mitatu. Wengine huiita tripodi. Kazi ya stendi ni kuishika kamera isitikisike. Ikiwa imesimama mahali pazuri, watu hawapiti karibu, hakuna shida. Hatari kubwa iko pale mpiga picha anapohama.

Hebu tutazame arusi. Bibi arusi anatoka nyumbani kwao. Mpiga picha amesimamisha stendi mbele ya mlango. Sasa watu wanaondoka na vigelegele, na yeye anataka kuwatangulia. Anafanyaje? Anaikusanya miguu ya stendi, kamera bado iko juu yake, anaitupa begani, huyoo anakimbia. Kamera iko nyuma ya mgongo wake. Haioni.

Je, mmewahi kutembea nyuma ya mtu aliyebeba jembe begani? Mtu akimwita, anageuka ghafla, na ninyi mnainama. Stendi ni vivyo hivyo. Akigeuka, kamera inagonga mwimo wa mlango, au tawi la mwembe, au kichwa cha mtoto. Kamera hununuliwa nyingine.

Tena kuna jambo la skrubu. Kamera imeshikwa na skrubu moja tu upande wa chini. Unene wake ni robo inchi, yaani milimita 6 na kidogo. Kipimo hiki ni kimoja kwa karibu kamera zote, ndiyo maana stendi ya mtu huweza kuchukua kamera ya mwenzake. Stendi ikisimama wima, uzito wa kamera unakwenda chini moja kwa moja, na skrubu haina taabu. Stendi ikilala begani, uzito unaning'inia upande. Kila hatua inautikisa. Skrubu inalegea kidogo kidogo bila wewe kujua. Stendi nyingine zina kibati kinachobaki kwenye kamera, na kishikizo cha kukibana. Kishikizo hicho kikinaswa na nguo au tawi kinaweza kufunguka. Hapo kamera inaanguka bila hodi.

Basi sisi tunasema hivi: ukihama, tenganisha. Kwanza vaa mkanda wa kamera shingoni, kamera ikiwa bado juu ya stendi. Halafu weka mkono mmoja chini ya kamera, ndipo ufungue. Wengi hufungua kwanza, wakatafuta mkanda baadaye. Hiyo ni kinyume. Ukisha kuitoa, funika lenzi, pitisha mkanda begani ili kamera ikae kifuani, karibu na mkono wako. Ndipo ukunje miguu ya stendi. Ibebe mkononi, ncha zikitazama chini na mbele, mahali unapoziona.

Ukifika mwendo ni ule ule kwa kurudi nyuma. Stendi isimame imara kwanza. Kisha kamera. Ivute kidogo kwa mkono uone kama imeshika. Mkanda uvuliwe mwisho kabisa.

Watu watasema, "Ah, mnatuchelewesha, bibi arusi ameshapita!" Neno hili lina haki yake. Lakini dawa yake si kukimbia na stendi begani. Dawa ni kwenda mapema kwa wenye shughuli na kuwauliza: mtatoka mlango upi? Mtapita njia gani? Mtakaa wapi? Ukijua hayo unaondoka kabla ya msafara. Na mkiwa wawili, mmoja abebe kamera, mwingine stendi. Kama ni kusogea hatua mbili tatu ndani ya chumba, hatuoni ubaya wa kuhamisha vyote pamoja. Ila stendi iwe wima mbele yako, mkono mmoja kwenye miguu, mkono mwingine juu ya kamera.

Jambo la nyaya za umeme lisisahauliwe. Stendi nyingi ni za alumini, na alumini hupitisha umeme. Hata zile nyeusi nyepesi za kaboni hupitisha. Stendi iliyorefushwa na kuinuliwa juu inaweza kufikia waya uliolegea. Kwa hiyo kunja kwanza, halafu tembea. Na radi ikianza kunguruma, acha picha, ingia ndani ya nyumba.

Kubeba kamera katika nchi hizi si kazi ya jana. Mjerumani Carl Georg Schillings alipiga picha za wanyama usiku katika nchi za kandokando ya Kilimanjaro, akatoa kitabu chake mwaka 1905. Wakati ule picha zilipigwa kwenye vioo, na kioo kikianguka picha imekwisha. Mizigo ile ilibebwa na wapagazi kwa miguu. Picha zinajulikana kwa jina lake yeye. Jasho lilikuwa la wapagazi.

Tuje kwenye vyombo vya safari. Kwenye baiskeli au pikipiki, stendi ifungwe kwa urefu, isikingame njia. Ikikingama itamkata mtu mguu. Kamera isiwekwe kwenye keria, kwa sababu mtikisiko wa barabara ya vumbi unalegeza skrubu zake ndogo za ndani. Izungushie kanga, iweke ndani ya mkoba, mkoba uvaliwe mwilini.

Kwenye mtumbwi ni tofauti kabisa. Humo kamera isiwe shingoni hata kidogo. Mtumbwi ukipinduka, mkanda unaweza kukukaba au kunasa. Chukua ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, tandika kanga ndani, weka kamera, funika. Ndoo ikianguka majini inaelea. Wewe shughulika na kuogelea.

Na kama kamera yenyewe imeingia maji? Usiiwashe kujaribu. Hapo ndipo wengi huiua. Toa betri upesi, toa na kadi ya picha, pangusa, acha vifuniko wazi, weka kivulini penye upepo. Si juani, si kando ya moto. Kuifukia ndani ya mchele hakusaidii, kunaiingizia vumbi tu. Maji ya bahari ni mabaya zaidi, chumvi yake inakula madini upesi, basi ipelekwe kwa fundi siku ile ile. Kadi nayo ikaushwe vizuri kabla ya kutumiwa. Mara nyingi picha za arusi huwa bado zimo.