Kiingereza cha Barua Pepe: Tuanze na Saa na Tarehe



Wengi mmetuuliza kwa nini darasa la Kiingereza linaanza na barua pepe, wakati wanafunzi bado wanakosea sarufi. Jibu letu ni kwamba kosa la sarufi husamehewa, lakini kosa la saa hukosesha watu mkutano.

Sisi huhesabu saa tangu asubuhi jua linapochomoza. Waingereza huhesabu tangu usiku wa manane, kisha tena tangu adhuhuri. Katibu anayealika wageni saa nne asubuhi akiandika "4 a.m.", amewaita saa kumi ya usiku! Aandike "10 a.m."

Tarehe nayo ina mtego. 4/7 kwa Mwingereza ni tarehe 4 Julai, bali kwa Mmarekani ni tarehe 7 Aprili. Ripoti iliyotakiwa Aprili ikipelekwa Julai, mradi huweza kukwama. Kwa hiyo tunafundisha kuandika jina la mwezi: "4 July". Fedha vilevile: shilingi ya Tanzania si ya Kenya, basi tuandike TZS au KES kabla ya tarakimu.

Pili ni adabu. Salamu zetu ni ndefu, na ni nzuri. Barua pepe ya Kiingereza husalimu kwa mstari mmoja, kisha huingia kwenye jambo. Huo si ufidhuli. "Dear" huandikwa hata kwa mtu tusiyemjua. Neno letu "pole" halina mwenzake kamili: "sorry" peke yake huweza kusomeka kama kuomba radhi. Kwenye msiba tuandike sentensi nzima: "We are sorry for your loss." Tena tusiandike barua yote kwa herufi kubwa, maana msomaji huona anapigiwa kelele.

Tatu ni usalama. Anayejifunza lugha huona haya kuuliza, na matapeli hupenye hapo hapo. Barua ikidai neno la siri, msilitoe. Ikisema akaunti ya benki imebadilika, msijibu barua hiyo. Pigeni simu kwa namba mliyokuwa nayo tangu awali. Nanyi wafadhili fanyeni hivyo hivyo, hata kama barua inaonekana imetoka kwetu.

Tunaomba mambo mawili. Kila kamati iteue watu wawili wa kujifunza, mmoja wao mwanamke, ili mawasiliano ya parokia yasimtegemee mtu mmoja. Wafadhili wetu, andikeni sentensi fupi, na mjibu hata barua yenye makosa. Anayejibiwa hupata moyo wa kuandika tena, na kwa njia hiyo mtasikia habari za mradi kutoka kwa wenye mradi wenyewe.